Sembagare wa Mugongo na Sembagare wa Sinema

Mpenzi wa filamu za Kihindi hahitaji kukumbushwa moto wa Mother India: Sunil Dutt alijitosa katika miali kumwokoa Nargis, na mwaka 1958 wakaoana. Gisenyi, nchini Rwanda, nako kuna kisa cha nyuma ya kamera kinachostahili kusimuliwa kwa bidii hiyohiyo. Ni cha Gorillas in the Mist, filamu ya Michael Apted iliyotoka mwaka 1988, na kiini chake ni jina la mtu mmoja.

Filamu hiyo inasimulia maisha ya Dian Fossey, mtafiti wa gorila. Habari zake zinajulikana: alianzisha kambi ya utafiti ya Karisoke mwaka 1967, akauawa Desemba 1985. Nani alimuua? Swali hilo limekwisha kula karatasi za kutosha.

Katika filamu, mwenzake wa msituni ni Sembagare, aliyeigizwa na Mkenya John Omirah Miluwi. Ndiye anayesoma nyayo za gorila, na mwishoni ndiye anayeunganisha kwa mawe kaburi la Fossey na la gorila Digit. Ukisoma Land of a Thousand Hills, kumbukumbu za Rosamond Halsey Carr zilizochapishwa mwaka 1999, unamkuta Sembagare mahali pengine kabisa: Mugongo, shamba la pareto na maua katika vilima vya Gisenyi, akiwa msaidizi wa Carr wa miaka mingi. Kitabu hicho hupuuzwa kama soga za mlowezi. Hakistahili dharau hiyo, kwa kuwa ndicho kinachomrudisha mtu huyu nyumbani kwake.

Carr mwenyewe yumo katika filamu, akiigizwa na Julie Harris. Bibi mwenye shamba akabaki na jina lake na maisha yake. Msaidizi wake akang'olewa, akapandwa Karisoke.

Watetezi husema filamu ya saa mbili haiwezi kubeba kila mtu, hivyo wasaidizi wote wakakunjwa wakawa mmoja. Hoja hiyo haisimami. Digit, aliyeuawa na majangili siku ya mwisho ya mwaka 1977, aliachiwa jina lake. Alan Root, mpiga picha wa wanyama aliyeishi Kenya, alitafutwa ili gorila wa kweli waonekane; palipohitajika gorila wa kuigiza, Rick Baker alishona mavazi ya ustadi mkubwa. Uangalifu ulikuwepo, ila haukuwafikia watu.

Na watu hao walikuwa na majina. Kitabu cha Fossey cha mwaka 1983, ambacho filamu ilikopa hata jina lake, kinawataja: Nemeye, Rwelekana, na kabla yao Sanwekwe wa Kabara, upande wa Kongo. Sanwekwe, akiwa kijana, alimfuatia Carl Akeley nyayo za gorila. Baadaye akafanya kazi na George Schaller, kisha na Fossey. Huyo ni mtu aliyebeba historia nzima ya utafiti wa gorila wa Virunga.

Filamu inamwacha Sembagare makaburini. Yule wa Mugongo alikuwa bado na kazi kubwa mbele yake: tarehe 17 Desemba 1994, Carr, mwenye umri wa miaka 82, alifungua kituo cha yatima cha Imbabazi katika jengo la kukaushia pareto, na Sembagare alikuwa naye.