Wimbo Asilia Uko Wapi? Nyimbo za Kantri katika Vinywa vya Wanapanki

Aghalabu mhakiki anapokabiliwa na wimbo uliorudiwa na mwimbaji mwingine huuliza kama marudio hayo ni maaminifu kwa wimbo asilia. Makundi ya panki ya Uingereza na Marekani yalipoanza kurudia nyimbo za kantri kwa wingi katika miaka ya 1980, swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Panki ilijitangaza kuwa uasi dhidi ya mapokeo, ilhali kantri hujivunia mapokeo. Je, marudio hayo yalikuwa kejeli au heshima? Makala haya yanashikilia kwamba swali lenyewe lina kasoro, kwa kuwa linachukulia kuwa asilia ipo na inajulikana.

Tuchukue mfano wa "Lost Highway". Wimbo huu ulitungwa na kurekodiwa mwaka 1948 na Leon Payne, mtunzi kipofu wa Texas. Hank Williams aliurudia mwaka 1949. Williams alipofariki Januari 1, 1953, akiwa na umri wa miaka 29, tena akiwa safarini kwenda kutumbuiza, wimbo ulianza kusomwa kama tawasifu yake. Nafsineni iliyobuniwa na Payne ikageuzwa kuwa Williams mwenyewe. Mwaka 1985 Mekons, kundi lililozaliwa miongoni mwa wanafunzi wa Leeds mwaka 1977, waliufanya wimbo huohuo kuwa hitimisho la albamu yao *Fear and Whiskey*. Mgomo wa wachimba makaa ya mawe, ambao kundi hilo liliuunga mkono, ulikuwa umeshindwa Machi mwaka huo. Katika muktadha huo, upotevu wa mtu mmoja unasikika kama upotevu wa tabaka zima.

Hali kadhalika, "Ring of Fire", utungo wa June Carter na Merle Kilgore, ulirekodiwa kwanza na Anita Carter, mdogo wake June. Johnny Cash aliurekodi mwaka 1963 na kuutia tarumbeta. Kundi la Social Distortion la California lilipourudia mwaka 1990, magitaa ya umeme yalichukua nafasi ya tarumbeta hizo. Anayelalamika kwamba wimbo wa Cash umeharibiwa husahau kuwa Cash naye alikuwa mrudiaji.

Hii haina maana kwamba kila marudio ni mema. Kigezo kifaacho ni kile kinachotumiwa katika fasihi simulizi: fanani hapimwi kwa kunakili, bali kwa jinsi anavyouhuisha utungo mbele ya hadhira yake. Mwaka 1988, miaka miwili baada ya kampuni ya Columbia kuachana na Cash, Jon Langford wa Mekons na Marc Riley walisimamia albamu ya nyimbo zake, *'Til Things Are Brighter*, iliyochangia shirika la Terrence Higgins Trust katika mapambano dhidi ya UKIMWI. Soko lilikuwa limemwona Cash amepitwa na wakati. Vijana walizipa nyimbo zake kazi mpya ya kijamii.

Kwa hivyo, uaminifu wa mrudiaji hautafutwi katika kuifanana rekodi iliyotangulia. Utungo usiothubutu kubadilika kinywani mwa mwingine hubaki makavazini, na hapo uaminifu hauna wa kumfaa.