Akina Antoni wa Usambara: Jina lililotoka Misri, likapita Italia, likafika Gare

Ukipanda kutoka Mombo kwa barabara ya milimani, ukapita Soni hadi Lushoto na kuendelea mpaka Gare, majina ya watu yatakusimulia historia ya Usambara kabla hujafungua kitabu. Wapo akina Shekilindi na Shemdoe, wanaobeba majina ya koo za Kisambaa. Wapo akina Hamisi na Mwanaisha, kwa sababu Uislamu ulipanda milima hii pamoja na misafara ya biashara kutoka Pangani na Tanga. Wapo akina Yohana na Elisabeti wa Walutheri, ambao wamisionari wao wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Na katika familia za Wakatoliki wapo akina Antoni, akina Antonia na, siku hizi, akina Anthony.

Watu wengi huliita hili jina la Kizungu, na wapo wanaoliona kama alama ya kutawaliwa. Ni kweli kwamba lilifika Gare mikononi mwa Wazungu. Lakini ukilifuata nyuma hatua kwa hatua, kupitia Italia lilikokuwa moja ya majina yanayopendwa kuliko yote, unaishia katika bara letu wenyewe.

Mkulima wa Misri

Kwa asili, Antonius ni jina la ukoo wa Kirumi. Aliyelitangaza zaidi zama za kale ni Marcus Antonius, jemadari aliyeungana na malkia Cleopatra wa Misri na kushindwa katika vita vya Actium mwaka 31 kabla ya Kristo. Lakini hakuna mzazi Mkristo aliyempa mwanawe jina hilo kwa heshima ya jemadari huyo. Aliyelifanya liwe jina la kubatizia ni Mwafrika.

Antoni wa Misri alizaliwa mnamo mwaka 251 katika familia ya wakulima wenye mali. Lugha yake ilikuwa Kikopti. Wazazi wake walipofariki, alisikia kanisani yale maneno ya Yesu kwa kijana tajiri, kwamba auze alivyo navyo na kuwapa maskini, akayachukua kama yalivyo. Aligawa mashamba, akaingia jangwani kusali na kufanya kazi za mikono. Wengine wakamfuata. Alipofariki mwaka 356, akiwa mzee wa zaidi ya miaka mia moja kwa mapokeo, jangwa la Misri lilikuwa limejaa wamonaki.

Askofu Athanasi wa Aleksandria aliandika maisha yake, na maandishi hayo yakavuka bahari. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwingine, anaeleza kwamba habari za Antoni ndizo zilizomtikisa moyo muda mfupi kabla hajaongoka. Kuanzia hapo, kila aliyejenga monasteri Ulaya alikuwa akifuata njia iliyofunguliwa na mkulima huyo wa Misri.

Fernando anabadili jina

Miaka mia tisa hivi baadaye, kijana wa Lisbon aitwaye Fernando alikuwa akiishi utawani katika mji wa Coimbra, Ureno. Mwaka 1220 miili ya Wafransisko watano waliouawa Moroko ililetwa mjini humo. Fernando alichomwa na habari hiyo, akajiunga na Wafransisko waliokuwa wakiishi katika nyumba ndogo iliyowekwa chini ya Mtakatifu Antoni wa Misri, na hapo akaliacha jina lake na kuchukua la mtakatifu huyo.

Shauku yake ilikuwa kwenda Afrika. Alifika Moroko, lakini akaugua vibaya, na chombo alichopanda kurudi kwao kikasukumwa na upepo hadi Sisilia. Ndivyo Mreno huyo mwenye jina la Mmisri alivyokuwa Mwitalia. Alihubiri Italia kaskazini, akawatetea wadaiwa waliokuwa wakinyongwa na riba, na akafariki karibu na Padua tarehe 13 Juni 1231. Haikupita hata mwaka mmoja, Kanisa likamtangaza mtakatifu. Sanamu yake inajulikana katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki: kijana katika kanzu ya Wafransisko, Mtoto Yesu mkononi na ua la yungiyungi. Wakatoliki humwomba wanapopotelewa na kitu, iwe funguo, cheti au mbuzi.

Kutokana naye Italia ilijaa akina Antonio. Padri Antonio Vivaldi wa Venezia alitunga muziki unaopigwa dunia nzima hadi leo. Antonio Stradivari wa Cremona alitengeneza fidla ambazo mafundi wa sasa bado wanazichunguza. Antonio Canova alichonga marumaru. Antonio Gramsci, aliyefungwa na serikali ya Mussolini, aliandika gerezani madaftari ambayo wanafunzi wa siasa katika vyuo vyetu wanayasoma mpaka sasa.

Afrika nayo haikusubiri karne ya 20 kulipokea jina hilo tena. Mwaka 1608 Antonio Manuel Ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo, alifika Roma akiwa mgonjwa baada ya safari ya miaka, akafariki siku chache baadaye na kuzikwa katika basilika la Santa Maria Maggiore. Miaka mia moja baada yake, katika nchi hiyohiyo ya Kongo iliyokuwa imesambaratishwa na vita na biashara ya watumwa, mwanamke kijana Kimpa Vita alitangaza kwamba roho ya Mtakatifu Antoni imemwingia ili aunganishe ufalme. Maelfu walimfuata. Mwaka 1706 alichomwa moto.

Pwani yetu pia ilimwona Antonio wa aina nyingine. Antonio Cecchi, Mwitalia wa mji wa Pesaro, alikuja Zanzibar mwaka 1885 kufunga mkataba wa biashara kati ya nchi yake na Sultani Barghash, na baadaye akawa mwakilishi wa Italia huko. Alisukuma kwa nguvu Italia ijipenyeze katika bandari za Benadir, na mwezi Novemba 1896 aliuawa na Wasomali huko Lafole, karibu na Mogadishu, pamoja na wenzake wengi. Historia ya jina lazima iwataje wote waliolibeba, waliokuja kutawala na waliokuja kuhudumu.

Kijana tajiri wa Rovereto

Antonio anayeigusa Gare zaidi ya wote hakuwahi kukanyaga Afrika. Antonio Rosmini alizaliwa Rovereto, kaskazini mwa Italia ya leo, tarehe 24 Machi 1797, katika familia tajiri. Alisoma teolojia Padua, mji wa somo wake, na akapewa upadri mwaka 1821. Mwaka 1828, kwenye kilima cha Calvario juu ya mji wa Domodossola, alianza shirika alilolipa jina la upendo. Wanashirika wake wanajulikana kama Warosmini.

Alikuwa na akili pana ajabu. Aliandika juu ya falsafa, sheria, malezi, siasa na sala. Mwandishi mkubwa wa riwaya, Alessandro Manzoni, alikuwa rafiki yake wa ndani. Kitabu kilichomponza kilihusu majeraha matano ya Kanisa. Alikiandika mwaka 1832 na kukitoa mwaka 1848. Jeraha la kwanza alilolitaja ni waumini kutengwa na mapadri katika ibada: watu wanakuja kanisani, lakini kwa kuwa hawaelewi kinachosemwa wanageuka watazamaji. Hakutaka Kilatini kifutwe. Alitaka watu wafundishwe mpaka waielewe sala yao. Alitaja pia elimu duni ya mapadri, maaskofu kutoelewana, watawala kuingilia uteuzi wa maaskofu, na mali ya Kanisa kulifunga Kanisa lenyewe.

Mwaka 1849 kitabu hicho kiliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Rosmini alitii bila kelele, akarudi Stresa, kando ya ziwa Maggiore, akaendelea kuandika na kulea shirika lake. Alipofariki tarehe 1 Julai 1855, wosia aliomwachia Manzoni ulikuwa wa mambo matatu: kuabudu, kunyamaza, kufurahi. Hata kaburini hakuachwa. Mwaka 1887 sentensi 40 zilizochukuliwa katika maandishi yake zilihukumiwa. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo Roma, mwaka 2001, ikatamka kwamba maana iliyohukumiwa haikuwa maana yake. Tarehe 18 Novemba 2007 alitangazwa mwenye heri mjini Novara.

Wamonaki wanapanda mlima

Wakati sentensi hizo zikihukumiwa, Ukatoliki ulikuwa bado haujafika Gare. Ulifika mwaka 1897, na waliouleta walikuwa wamonaki: Watrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1882 na Abati Franz Pfanner. Masista wa Damu Azizi, waliozaliwa hukohuko Mariannhill, walifanya kazi pamoja nao.

Watrapisti ni watu wa ukimya, sala za usiku na jembe. Katika milima yenye ardhi nzuri na mvua, watu wa desturi hiyo walikuwa wamefika mahali panapowafaa. Lakini kanuni ya kimya na kazi ya umisionari hazikuvutana vizuri, kwa maana anayefundisha katekisimu lazima aseme. Mvutano huo ulifanya Mariannhill itenganishwe na Watrapisti mwaka 1909. Misheni za Usambara zikapita mikononi mwa Mapadri wa Roho Mtakatifu.

Kwa hiyo waliochimba msingi wa Gare walikuwa warithi wa Antoni wa Misri. Njia yake ya maisha ilizunguka Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, na ikarudi Afrika kupitia Usambara ikizungumza Kijerumani.

Warosmini walifika mkoa wa Tanga mwaka 1945. Wengi wao walitoka Uingereza na Ireland, kwa sababu shirika lilikwisha kuota mizizi huko tangu Luigi Gentili alipotumwa Uingereza mwaka 1835. Rosmini aliwafundisha wanashirika wake wasijichagulie kazi, bali wasubiri wanachoombwa na mahitaji ya watu, kisha wakifanye kwa upendo wa namna tatu: wa mwili, wa akili na wa roho. Huko Tanga maneno hayo yalikuwa na maana ya zahanati, shule na parokia. Mwaka 1950 Tanga ikawa eneo la Kanisa linalojitegemea, na mwaka 1958 ikawa jimbo. Askofu wake wa kwanza, Eugene Arthurs, alikuwa Mrosmini. Jina la mwanzilishi limebaki mjini Tanga katika shule ya sekondari ya Rosmini.

Jina Antonio lilivyoingia katika familia unaweza kuliona katika daftari la ubatizo la parokia yoyote ya zamani. Padri aliandika kwa wino na kwa Kilatini: namba, tarehe, jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, kijiji. Mtoto ambaye nyumbani aliitwa kwa jina la babu yake aliandikwa Antonius. Dada yake akaandikwa Antonia. Pembeni iliachwa nafasi, ili baadaye iongezwe kipaimara na ndoa. Kwa wengi waliozaliwa kabla ya uhuru, mstari huo mmoja ndio hati ya kwanza kabisa iliyowataja kwa maandishi.

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano misa ikasaliwa kwa Kiswahili, na lile jeraha la kwanza alilolilia Rosmini likaanza kufungwa. Uongozi wa jimbo nao ukawa wa wazalendo: Maurus Komba, kisha Telesphor Mkude, kisha, mwaka 1994, Anthony Banzi. Askofu Banzi, mzaliwa wa Tawa, Morogoro, aliliongoza Jimbo la Tanga kwa zaidi ya robo karne, hadi alipofariki Desemba 2020. Waumini wa Gare walimwombea kwa jina hilo katika kila misa. Jina lililoanza kwa mkulima Mwafrika lilikuwa limerudi kwa mchungaji Mwafrika.

Tusiache habari zipotee

Baadhi ya wazee waliowaona Warosmini wa kwanza bado wapo. Madaftari ya wino wa zamani yanaliwa na unyevu wa milimani na mchwa. Kijana anayeitwa Anthony anaweza kumaliza chuo akijua habari za Gramsci, lakini asijue kwa nini babu yake alibatizwa kwa jina hilo, nani alimbatiza, wala msimamizi wake alikuwa nani. Nusu ya zawadi aliyopewa imebaki kwa wengine.

Jambo hili linarekebishika, tena kwa gharama ndogo. Parokia zenye madaftari ya kale ziyapige picha na kuyahifadhi mahali pakavu. Walimu wa historia Lushoto wawape wanafunzi kazi ya kuwahoji babu na bibi zao, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, juu ya majina ya familia na jinsi yalivyopatikana. Na wazazi, mkimpa mtoto jina, liwe Antoni, Hamisi au Shekilindi, mpeni na habari zake. Wenye kujua wapo. Tuwaulize sasa, wangali hai.