Vichezeo vya mtoto mchanga

Vichezeo vya mtoto mchanga ni vitu anavyopewa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja avitazame, avisikilize, avishike na, zaidi ya yote, avitie mdomoni. Vingine hununuliwa dukani, vingine hutengenezwa nyumbani, na vingi huokotwa tu jikoni. Wataalamu wa makuzi huvipima kwa mambo mawili: kama vinalingana na hatua aliyofikia mtoto, na kama vinamvuta mtu mzima acheze na kuongea naye. Hili la pili ndilo lenye uzito zaidi, ingawa maelezo ya boksi la dukani huwa kimya juu yake.

Historia

Kayamba ya mtoto ni miongoni mwa vichezeo vya kale kabisa. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliisifu kayamba aliyoihusisha na mwanafalsafa mwingine, Archytas, kwa sababu ambayo mzazi yeyote ataielewa: mtoto akiwa nayo havunji vyombo vya nyumbani. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha taasisi yake ya malezi mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, alibuni mfululizo wa vifaa alivyoviita zawadi. Ya kwanza ni mipira sita laini ya nyuzi za sufu, kila mmoja na rangi yake na uzi wa kuning'inizia, nayo ilikusudiwa hata kwa mtoto anayepakatwa. Katika karne ya 20 Elinor Goldschmied alieneza nchini Uingereza kapu la hazina, yaani kapu la vitu vya kawaida kama brashi, mwiko, funguo na kitambaa, kwa ajili ya mtoto anayekaa lakini hajaanza kutambaa. Plastiki haikuruhusiwa humo.

Uchaguzi kwa umri

Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, ambao ni takriban umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Mwanasaikolojia Robert Fantz alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba watoto wachanga hutazama kwa muda mrefu zaidi michoro yenye mistari na madoa kuliko kitu chenye rangi moja isiyo na mchoro. Kwa miezi ya mwanzo, basi, uso wa mlezi na kitambaa chenye maua makubwa vinatosha.

Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne mtoto huanza kunyoosha mkono na kukamata. Hapo hufaa kayamba nyepesi au pete kubwa anayoweza kuizungushia vidole. Akishaweza kukaa, kwenye miezi sita na kuendelea, hugonga, hutikisa na kudondosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF kuhusu malezi ya makuzi unataja kwa umri huu vyombo vyenye vifuniko, sufuria na kijiko, vikiwa safi. Kudondosha kijiko mara kumi mfululizo hakutokani na utundu. Ni namna yake ya kujifunza kwamba akitenda jambo, jingine hutokea.

Kwenye miezi minane hivi mtoto huanza kutafuta kitu kilichofichwa. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliieleza hatua hii kwa kuwachunguza watoto wake mwenyewe, ingawa watafiti wa baadaye walipata dalili za uelewa huo mapema zaidi. Kichezeo chake ni kanga na chochote cha kuficha chini yake. Anapokaribia kusimama dede hupenda makopo ya kupanga na kubomoa, na kitabu cha kurasa ngumu.

Utafiti wa Jamaica

Ushahidi unaonukuliwa sana kuhusu faida ya michezo hii unatoka Kingston, Jamaica. Katika miaka ya 1980 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuata watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, katika mitaa ya maskini. Kundi moja lilipewa maziwa ya ziada, la pili lilitembelewa nyumbani, la tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata lolote kati ya hayo. Mhudumu wa afya wa jamii alifika kila wiki kwa muda wa miaka miwili, akakaa kama saa moja akicheza na mtoto pamoja na mama yake. Vichezeo vilitengenezwa kwa mikono, kwa vitu visivyo na gharama. Viliachwa nyumbani na kubadilishwa katika ziara iliyofuata.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la The Lancet: maziwa yalisaidia, michezo ilisaidia, na vyote pamoja vilisaidia zaidi. Mshangao ulikuja baadaye. Faida ya maziwa kwa akili ilififia, ya michezo ikabaki. Walipofikia umri wa miaka 22, waliotembelewa walikuwa na kipato cha wastani kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao wasiotembelewa, kama ilivyoripotiwa katika jarida la Science mwaka 2014. Ni vigumu kudai kwamba vichezeo vyenyewe ndivyo vilivyoleta pesa hizo; kilichodumu ni namna mama alivyozoea kukaa na mwanawe. Mpango huo umefanyiwa marekebisho na kutumika Bangladesh na Colombia, miongoni mwa nchi nyingine.

Vichezeo vya betri

Vichezeo vinavyoimba na kuwaka taa huuzwa kwa madai makubwa ya kukuza akili. Anna Sosa wa Marekani alirekodi wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani, akachapisha matokeo mwaka 2016. Wazazi walitamka takriban maneno 40 kwa dakika walipotumia vichezeo vya betri, 56 kwa vichezeo vya kawaida na 67 kwa vitabu. Kichezeo kikiongea, mzazi hunyamaza.

Usalama

Sheria ya Marekani hupima vichezeo vya walio chini ya miaka mitatu kwa kopo dogo lenye upana wa sentimita 3.17; chochote kinachoingia humo kizima kinaweza kumkaba mtoto. Betri bapa za mviringo zikimezwa huweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Rangi zenye madini ya risasi ni hatari ya zamani ambayo haijaisha: mwaka 2007 karibu vichezeo milioni moja vya Fisher-Price viliondolewa sokoni Marekani kwa sababu hiyo. Kanada ilipiga marufuku vigari vya kujifunzia kutembea mwaka 2004.

Afrika Mashariki

Kayamba za mabua, midoli ya matambara na chupa zenye maharage ndani bado hutengenezwa nyumbani. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), inayogusa uchangamshi wa watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8. Viwango vya bidhaa husimamiwa na mashirika ya viwango, TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya. Vichezeo vya mtumba mara nyingi hufika sokoni bila boksi lenye maelezo ya umri, hivyo mnunuzi hulazimika kuvikagua mwenyewe: macho ya kubandika, vifungo, nyufa na kifuniko cha betri.