Kima Punju wa Unguja na Wachoraji wa London

Mwaka 1868 John Edward Gray, mtaalamu wa wanyama katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, alichapisha katika jarida la Chama cha Zuolojia cha London maelezo ya mbega mwekundu wa Unguja, ambaye Waunguja humwita kima punju, akampa jina la kisayansi la kumuenzi John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika kisiwani mwaka 1866 kutumikia ubalozi mdogo wa Uingereza. Utambulisho wa namna hiyo ulitegemea kielelezo, yaani mnyama au sehemu yake iliyohifadhiwa ili spishi nzima itambulike kwayo, na kwa kuwa wasomaji wengi wasingeweza kukiona, picha ya rangi ndiyo iliyokisambaza.

Picha hizo zilitengenezwa kwa lithografia, mbinu iliyobuniwa na Alois Senefelder miaka ya 1790, ambapo mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosawazishwa. Jiwe likilowanishwa, wino hushika penye mafuta tu na kukataa penye maji. Nakala zilitoka zikiwa na rangi nyeusi peke yake, kisha wapakaji wakazitia rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine, wakifuata nakala ya mfano. Kosa la mfano, kwa hiyo, lilirudiwa katika nakala zote.

Hatari ya makosa ilikuwa kubwa zaidi pale mchoraji alipokuwa na ngozi kavu tu mbele yake. Manyoya ya kima punju, yaani mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe na nywele ndefu nyeupe zinazozunguka uso, hubaki na rangi zake kwa muda mrefu, na hata upungufu wa dole gumba, ambao ni sifa ya mbega wote, huonekana. Lakini rangi ya waridi iliyopo puani na midomoni hupotea ngozi inapokauka, hivyo mtu asiyewahi kumwona mnyama huyo akiwa hai alilazimika kutegemea barua za mkusanyaji au kukisia.

Katika picha hizo msitu nao ulipunguzwa ukawa tawi na majani machache, ingawa ndimo yalimokuwa mabadiliko makubwa. Tangu enzi ya Sultani Sayyid Said, aliyehimiza kilimo cha karafuu, misitu ya magharibi ya Unguja, yenye udongo wenye rutuba, ilikuwa ikifyekwa kupisha mashamba, na maskani ya kima yakazidi kusogea kwenye ardhi ya mawe na vichaka ambayo haikuwafaa wakulima wa mikarafuu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004, imo katika sehemu hiyo iliyosalia, na kima punju, asiyepatikana kwa asili popote nje ya visiwa vya Zanzibar, bado anahesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Kwa sababu hiyo, michoro ya aina hii ni ushahidi mzuri wa manyoya na umbo, na dhaifu wa maisha; na anayeichukua kuwa taswira ya kisiwa kabla hakijaguswa hukosea, kwa kuwa sayansi ilipompa kima punju jina, mikarafuu ilikuwa imekwisha kuchukua sehemu kubwa ya msitu wake.