Barafu ya Rwenzori na Maji ya Kasese: Dalili Isigeuzwe Chanzo

Katika mijadala ya tabianchi hapa Kampala, kuyeyuka kwa barafu ya milima ya Rwenzori hutajwa mara nyingi kana kwamba ndiko kutakakoikausha mito ya Kasese, wilaya iliyo chini ya milima hiyo. Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Barafu inatoweka kweli, na kutoweka kwake ni msiba. Lakini si barafu inayoilisha mito hiyo. Tukiyachanganya mambo haya mawili, tutalinda pasipohitaji ulinzi na kupaacha wazi panapouhitaji.

Kuhusu kutoweka hakuna ubishi. Mwaka 1906, msafara wa mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, ulivipanda vilele vya Rwenzori, na picha za Vittorio Sella, mpigapicha wa msafara huo, zikahifadhi sura ya vilele hivyo. Barafu ilikuwa juu ya milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, katika eneo linalokadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5. Kufikia 1987 zilibaki takriban 2. Mwaka 2003 hazikutimia 1, na barafu ilikuwa juu ya Stanley, Speke na Baker tu.

Wataalamu wanatofautiana kuhusu sababu. Mwaka 2006, Richard Taylor na wenzake waliuhusisha upungufu wa barafu wa miongo ya karibuni na kupanda kwa joto la hewa. Thomas Mölg na wenzake walijibu kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu mwishoni mwa karne ya 19, wakati kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka: mawingu yakipungua, jua huipiga barafu bila kizuizi, na theluji mpya haitoshi kufidia. Kwa maoni yangu hoja hizi hazifutani. Ukavu unaeleza vizuri jinsi barafu ilivyoanza kurudi nyuma. Joto linaeleza kwa nini haikupata nafuu.

Kuhusu maji, ushahidi uko wazi zaidi. Mwaka 2009, Taylor, Lucinda Mileham, Callist Tindimugaya na Leo Mwebembezi walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu Mto Mubuku, mmoja wa mito hiyo ya Kasese. Chini ya mlima, maji yatokanayo na barafu hayakufika asilimia 2 ya mtiririko, iwe kiangazi au msimu wa mvua. Yaliyobaki ni mvua. Huko juu, katika kinamasi cha Bigo, mguu ukiteleza kwenye kichuguu cha nyasi huzama katika tope jeusi. Tope hilo, pamoja na kuvumwani na misitu ya mlimani, ndilo linaloinywa mvua na kuiachia mto polepole.

Maafa nayo yanatuelekeza huko huko. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba, nao wa Kasese, ulifurika na kuuharibu mji wa Kilembe, hospitali ikiwamo. Kilichoujaza ni mvua kubwa, si barafu.

Basi kipaumbele cha wizara na vyuo vyetu kiwe vipimo vya mvua na mito vinavyosomwa mwaka mzima, pamoja na ulinzi wa vinamasi na misitu ya mlimani. Barafu nayo ipimwe na kupigwa picha ingali ipo, kwa ajili ya sayansi na kwa heshima ya Wakonzo, wakazi wa milima hiyo, ambao kwao vilele hivyo ni makao ya mungu wao Kitasamba. Kuiokoa kunategemea mataifa yachomayo mafuta na makaa kwa wingi. Kuulinda Mubuku kunatutegemea sisi, na hatuna sababu ya kungoja.