Masifu ya Asubuhi

Masifu ya Asubuhi ni sala rasmi ya Kanisa Katoliki ya kumsifu na kumshukuru Mungu siku inapoanza. Ni sehemu ya Liturujia ya Vipindi, inayoitwa pia Sala ya Kanisa.

Historia. Wakristo wa kwanza walirithi kwa Wayahudi desturi ya kusali saa maalumu kwa kutumia Zaburi. Katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia alipanga katika Kanuni yake zaburi za kuimbwa na wamonaki kila alfajiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliyataja Masifu ya Asubuhi na ya Jioni kuwa nguzo mbili za sala ya kila siku. Mwaka 1970 Papa Paulo VI aliidhinisha mpangilio mpya, unaogawa Zaburi katika wiki nne.

Muundo. Baada ya utenzi huja zaburi, wimbo wa Agano la Kale na zaburi ya sifa. Hufuata somo fupi na kiitikizano, kisha Wimbo wa Zakaria (Lk 1:68-79), ambao waamini huuanza wamesimama, wakifanya ishara ya msalaba. Sala humalizika kwa maombi, Baba Yetu na baraka.

Wanaosali. Mapadre na mashemasi wanaojiandaa kwa upadre wanawajibika kuisali kila siku. Watawa huisali kwa pamoja, kama ilivyo katika abasia za Kibenedikto za Peramiho na Ndanda nchini Tanzania. Walei nao wanahimizwa kuisali, kanisani au nyumbani.