Upandaji Milima kwa Skii: Kupanda Kulitangulia

Anayetazama mashindano ya skii kwenye televisheni huona watu wakishuka tu. Walivyofika juu haonyeshwi, maana wamepandishwa na lifti. Ndiyo sababu upandaji milima kwa skii, ambao mtu hukwea kwa nguvu zake mwenyewe kisha akateremka akiteleza, hudhaniwa kuwa tawi jipya la mchezo wa kushuka. Historia ya Alpi inatuambia kinyume: tawi ni huo mchezo wa kushuka, na ulichipuka baadaye.

Skii ni za kale huko Skandinavia, lakini Alpi zilichelewa kufika, na kilichozivumisha zaidi ni kitabu. Fridtjof Nansen wa Norwei alivuka Greenland mwaka 1888. Masimulizi yake yalipotoka kwa Kijerumani, vijana wa Ulaya ya Kati wakaanza kuzitafuta. Mnamo Januari 1893 Christof Iselin wa Glarus, Uswisi, na wenzake walivuka kipito cha Pragel. Miaka minne baadaye Wilhelm Paulcke na wenzake wanne wakakatiza milima ya Bernese Oberland, wakapita juu ya Aletsch, barafuto kubwa kuliko zote za Alpi. Hao walikuwa wasafiri na wakwea milima, na walichokitafuta ni njia ya kuingia mlimani katika msimu ambao mlima ulikuwa umefungwa. Kifaa kilichokuja kuwa alama ya safari hizo ni ukanda wa ngozi ya sili uliofungwa chini ya skii: ikisogea mbele manyoya hulala, ikitaka kurudi nyuma husimama na kung'ang'ania theluji. Kifaa hicho ni cha kupandia. Wakati wa kushuka huvuliwa.

Mpinzani anaweza kuutumia ushahidi huohuo. Pale Pragel mwenzao mmoja alivaa viatu vipana vya theluji ili mbinu hizo mbili zilinganishwe. Kwenye mpando alikwenda nao sawa, kwenye mteremko wakamwacha. Basi faida ya skii si kushuka? Tena Mathias Zdarsky wa Austria alijulikana kwa kufundisha namna ya kukata kona kwenye miteremko mikali. Hoja hii ina uzito, ila inachanganya faida na kusudi. Siku ya baridi ni fupi, na anayeshuka upesi huwahi kijiji kabla ya giza. Mteremko ulikuwa sehemu ya safari, na safari yenyewe iliweza kuua: mwaka 1899 Ehlert na Mönnichs, wawili wa kundi la Paulcke, waliangamia katika poromoko la theluji huko Susten. Wanafunzi wa Zdarsky nao walipanda kwa miguu yao kila mteremko waliojifunzia. Hata Kilimanjaro, Walter Furtwängler na Siegfried König walipoteleza kwa skii mwaka 1912, kwanza ilibidi waikwee Kibo.

Mtu anayefaa kutuamulia ni Mwingereza Arnold Lunn. Mwaka 1917 alifika kwa skii kilele cha Dom, mita 4,545. Mwaka 1922 akaandaa huko Mürren mbio za slalomu za mtindo tunaoujua leo. Kwake yeye mambo hayo mawili yalikuwa kazi moja. Kilichoyatenga ni mashine: mwaka 1934 lifti ya kuvuta wateleza ilianza kazi Davos, na kupanda kukageuka kuwa suala la tiketi.

Upandaji kwa skii uliingia Olimpiki mwaka 2026, Milano Cortina, kwa mbio za dakika chache na za kupokezana. Mashindano hayo yameurudishia mpando heshima yake, lakini yameacha nje umbali, barafuto na hali ya hewa. Patrouille des Glaciers ya Uswisi, ambayo timu za watu watatu hutoka Zermatt hadi Verbier, iko karibu zaidi na alichokifanya Paulcke, na anayetaka kuuelewa mchezo huu aanze kuitazama hiyo.